Fundi Pini na Mikono Mitupu

Ukuta kati ya chumba changu na cha wifi yangu ni mwembamba, akipiga chafya kule, mimi huku nampa pole. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na kaka yake ambaye ndiye mume wangu, wakaigawa katikati kama mkate. Sisi na watoto tukakaa upande wa uani, yeye akachukua upande wa barabarani kwa ajili ya kazi. Ni fundi cherehani. Wateja humwita Fundi Pini, maana anapokujaribisha nguo huongea nawe pini zimejaa mdomoni. Hajawahi kumeza hata moja, ingawa mimi kila siku naingoja hiyo siku.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mtoto akichelewa kurudi, nimeshamzika kabla hajabisha hodi. Kwa hiyo cherehani ile ilikuwa dawa yangu. Ni ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, ya zamani, na ilipokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta nilijua kule kwema, nikaendelea na vyombo vyangu. Asubuhi moja ilinguruma, ikakatika, ikanyamaza. Fundi mzuri haachi mshono katikati. Niliacha bomba linamwaga maji nikakimbia.

Nilimkuta amekaa vilevile kwenye stuli, mguu juu ya kikanyagio, anautazama kama mguu wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Kilikuwa kiharusi. Kidogo, walisema hospitali, nami sijui hicho kikubwa kinafananaje kama kidogo ndicho kile. Mdomo ulirudi mahali pake. Maneno yakarudi, na ukali wake wote ukarudi nayo. Mguu wa kushoto ndio haukurudi. Ulimfuata nyuma kama mtoto aliyegoma kwenda shule, na mkono wa upande huo ukajikunja kifuani.

Mume wangu alimwazimia cherehani ya umeme. Wifi aliijaribu mara moja tu. Ilikimbia na kitambaa kama mbuzi aliyekata kamba, akaizima. Akasema yeye mkono wake huongozwa na mguu tangu alipokuwa msichana, na mguu ukifa basi fundi naye amekufa. Alilisema hilo taratibu, kama anayekutajia bei ya zipu. Hana mume wala mtoto. Kazi ile ndiyo inayomlisha, na ndiyo inayompa jina.

Pale hospitali kuna dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kwa umri lakini habembelezi mtu. Nilikuwepo alipotoa masharti. Mgonjwa atembee kila asubuhi, barabarani, penye nafasi, mwendo wa kutosha. Goti alinyanyue. Na asibebe chochote, mikono yote miwili iwe mitupu, airushe mbele na nyuma, kwa sababu mkono ukirushwa ndio unaouamsha mguu. Miezi hii ya mwanzo, alisema, mguu bado unasikia. Ikipita, huenda usisikie tena.

Nilirudi nyumbani na hiyo "huenda" imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wifi alianza kutembea chumbani. Kitandani, mezani, kwenye cherehani, kitandani tena. Nilimsikia akijigonga. Nikamwambia chumba si barabara. Akanijibu kwamba barabara ina watu.

Ili mtu amwelewe, lazima akijue kibaraza chake. Kinatazama njia, kina benchi, na wateja wanaongoja nguo huketi pale wakiwachambua wapita njia kama mchele. Hodari wao alikuwa wifi mwenyewe, pini mdomoni na yote. Kulikuwa na mhasibu mmoja mstaafu aliyezoea kupita asubuhi akikimbia, kaptura nyeupe, miguu myembamba. Wifi ndiye aliyembatiza Mwizi wa Kuku. Kila akipita alimuuliza, "Leo nani anakukimbiza?" na benchi zima likaanguka kicheko. Jina likamganda, mzee wa watu akahama njia. Sasa wifi alijua fika benchi lile lingesema nini juu ya mwanamke mzima anayerusha mikono na kunyanyua goti kama jogoo aliyekanyaga tope. Hakuhitaji kuambiwa. Mengi angeyatunga yeye.

Asubuhi moja nikamwona anatoka na kifurushi cha karatasi ya bluu, kimefungwa kwa uzi, amekibana kifuani kwa ule mkono mgonjwa. Nilifurahi nikajua anampelekea mteja nguo, kazi imeanza. Kesho yake akatoka tena na kifurushi. Kesho kutwa, tena. Nikaanza kuwaza, maana cherehani ilikuwa kimya, hizo nguo zinashonwa na nani? Nikakitazama vizuri. Fundo lilelile, na karatasi imechanika kwenye pembe ileile.

Nilimfuata chumbani nikamuuliza.

"Ni pazia," alisema. "Lile kuukuu la dirishani."

"Unampelekea nani, wifi?"

"Simpelekei mtu. Nafika darajani narudi nalo." Aliona uso wangu, akaendelea. "Nikipita na mzigo, watu wanaona mzigo. Nikipita mikono mitupu, wanaona mguu."

Nilimkumbusha masharti ya yule dada. Akasema yule dada hajawahi kukaa kwenye benchi lake.

Basi ikawa hivyo. Yeye mbele na pazia lake, mimi nyuma kwa mbali, nikihofia ataanguka na magari ni mengi. Nami sikuweza kutoka bure. Nilibeba chupa tupu ya mafuta ya kula, mtu akiniuliza niseme naenda dukani. Duka lenyewe liko upande mwingine.

Tuliporudi hospitali, yule dada aliunyoosha mkono wa wifi, ukarudi kujikunja. Akaunyoosha tena. Kisha akauliza, "Unabeba nini?" Wifi akasema habebi kitu. Dada akaweka faili lake katikati ya ule mkono na kifua, likatoshea sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Hakugomba. Alisema tu kwamba mkono unajifunza kile unachofundishwa, na mguu haujapata faida yoyote, na siku zinakwenda. Asubuhi iliyofuata wifi alitoka na kifurushi.

Kumbe huko njiani jambo lingine lilikuwa linaiva. Mwenye bucha alikuwa amemletea wifi kitambaa cha suruali kabla hajaugua. Jirani yake, mama anayeuza mboga, alikuwa amemletea kitambaa cha sare ya mwanawe. Walimwonea huruma, wakangoja. Lakini kila asubuhi walimwona anapita mbele yao na nguo ya mtu mwingine. Huruma ikaanza kuchacha.

Siku moja mwenye bucha alitoka na aproni yake akasimama njiani. Ni pande la mtu, sauti yake huita wateja walio mtaa wa pili.

"Fundi, pole na kuugua. Ila leo nikuulize. Kila siku unapeleka nguo za watu, ya kwangu iko wapi? Au hela yangu inanuka nyama?"

Wifi akasema ile ni ya mteja wa mbali, kazi ya zamani.

"Huyo mteja wa mbali ana nguo nyingi kama za maonyesho," alisema mama wa mboga, naye amekwishasogea. "Na zote zinafungwa karatasi moja iliyochanika pembeni."

Kumbe si mimi peke yangu mwenye macho. Alinyoosha kidole kuionyesha ile pembe, wifi akarudi nyuma, mkono ukalegea. Kifurushi kilianguka, uzi ukakatika, na pazia likajikunjua barabarani, na maua yake yaliyofubaa, na pete zake za bati zikilia kwenye lami.

Kila mtu alilitazama. Ng'ambo ya barabara kuna fundi baiskeli, mdomo wake hauna breki. Ndiye aliyeanza.

"Wahenga walidanganya. Wanasema macho hayana pazia, kumbe analo Fundi Pini."

Watu wakacheka. Mimi nilisimama na chupa yangu. Nilimjua wifi yangu. Akigeuka hapo, ameingia ndani na hatoki tena, mguu utalala jumla, na cherehani itakuwa meza ya kuwekea taa. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Nikaogopa kwamba nikimshika ndiyo nitamgeuza.

Hakuinama kuliokota, maana asingeinuka bila msaada. Alingoja kicheko kiishe.

"Sipeleki nguo," alisema. "Mguu huu umekufa nusu, nimeambiwa niutembeze uamke. Naona haya kutembea bure kama mwendawazimu, ndiyo maana nabeba. Suruali yako haijakatwa, wala sare. Siwezi kukanyaga cherehani. Mguu usipoamka, vitambaa vyenu njooni mvichukue."

Mwenye bucha alijikuna shingo. Kisha akainama yeye, akaliokota pazia, akalikunja vibaya vibaya kama wanaume wanavyokunja.

"Si ungesema, Fundi."

"Ungecheka."

"Ningecheka," alikubali. "Halafu ningechoka. Nina nyama ya kuuza."

Pazia hakumrudishia. Alisema litakaa buchani, na mama wa mboga akasema hiyo ndiyo dhamana ya sare yake. Wifi akabaki amesimama mikono haina kazi, haijui iende wapi. Tulirudi nyumbani. Siku hiyo sikusikia hata mlio wa kijiko upande wake.

Asubuhi nilijifanya nafagia uani, masikio yote ukutani. Kitanda kililia. Kimya. Kitanda kikalia tena. Mume wangu akaniambia nimwache dada yake, mtu mzima hasukumwi. Nikamjibu kwamba sijamsukuma, nafagia. Alicheka, maana uwanja ulikuwa umeshang'aa.

Mlango wa mbele ukafunguka. Nilinyakua chupa nikazunguka nyumba. Wifi alikuwa amesimama kwenye kibaraza, mikono mitupu. Futi yake ya kupimia alikuwa ameisahau shingoni. Alilitazama benchi, likiwa tupu saa ile, kama anayemtazama mtu. Kisha akashuka.

Sitasema ilikuwa vizuri kuitazama. Mkono mzima ulikwenda mbele, ule mgonjwa ukatikisika kidogo ukakataa. Goti lilipanda, likashuka kwa kishindo. Futi ikawa inampiga kifuani. Fundi baiskeli alikuwa na vijana wake, mmoja akaanza kuuigiza ule mwendo pale pale, na wenzake wakajishika mbavu. Wifi alisimama. Nami nikaibana chupa hata kizibo kikaruka.

Halafu akamgeukia yule kijana. "Goti lako liko chini mno," alimwambia. "Nyanyua, ndivyo hospitali walivyosema."

Akaendelea. Mama wa mboga alipomuuliza anakwenda wapi, akamjibu, "Siendi popote, mama. Natembea." Nilimwona akilisema hilo kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini alilimeza.

Walimcheka siku hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Mwenye bucha alisema kweli, hata hivyo. Watu hawawezi kucheka kitu kilekile kila asubuhi, wana shughuli zao. Kuna siku nilitazama nyuso zote kutoka kwetu hadi darajani, na hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa kumwamkia.

Aliyemcheka mwisho alikuwa yule mhasibu. Wifi alikuwa sasa anavuka daraja, na huko ng'ambo ndiko mzee alikokuwa amehamishia mbio zake. Wakakutana uso kwa uso. Nilidhani wifi atajificha nyuma ya nguzo. Mzee akapunguza mwendo, kaptura ileile, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Fundi. Leo nani anakukimbiza?"

Wifi akauonyesha mguu wake wa kushoto. "Huyu hapa. Hajanipata bado."

Mzee alicheka mpaka akashika magoti. Wifi naye akacheka, tangu augue sikuwa nimekisikia kicheko kile. Hakumwomba radhi, si mtu wa hivyo. Ila tangu siku hiyo akimsimulia hamwiti Mwizi wa Kuku, humwita Mhasibu, na mzee amerudi kupita mbele ya kibaraza.

Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharage niliposikia nyuma ya ukuta mlio mmoja, kama mtu anakohoa. Nikaacha mkono ndani ya ungo. Ukaja mwingine. Cherehani ilinguruma, ikasita, ikanguruma. Haikuwa ile ya zamani, ilikuwa inachechemea kama mwenyewe, lakini mshono ulifika mwisho, na nikasikia mkasi ukikata uzi. Suruali ya mwenye bucha ilitoka na mguu mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Aliivaa hivyo hivyo kwa siku nzima kabla ya kuirudisha ikarekebishwe, akiwaambia wateja kwamba fundi wake anashona kwa kujipima mwenyewe. Wifi alizipata habari, akampelekea ujumbe kwamba suruali ya pili ataishona bila mifuko.

Mimi niliendelea kumfuata, kwa mazoea na kwa hofu. Jana alifika darajani akasimama, akageuka, akaningoja. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Wifi," alisema, "miezi yote hii duka halijapata mafuta?"

Akaichukua ile chupa mkononi mwangu, akaiweka chini kando ya nguzo.

"Twende wote. Mwendo wako wa kunyemelea unanichosha mimi."

Nilitazama huku na huku. Mwanamke wa vitumbua alikuwa anatutazama, na dereva mmoja kwenye lori lililosimama. Mikono yangu ghafla ikawa mirefu kama ya mtu mwingine.

"Mikono niiweke wapi?" nilimuuliza.

"Hata mimi sikujua," alisema, naye amekwishaanza kutembea. "Anza kuirusha, itajua yenyewe."