Ng'ombe Wasio Wetu

Kwetu Didia, mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi, amekukosea adabu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwahesabu unawaitia fisi na maradhi, na tena unaonekana mtu wa majivuno. Baba yangu akiulizwa alijibu, "Wapo," akaendelea kusokota kamba yake. Jibu hilo nusura linikoseshe shule, na ndiyo maana namkumbuka kila ninapokaa na mzazi aliyekuja kwangu na fomu mkononi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa darasa la nne, na nafasi yangu ilikuwapo katika shule ya kati ya bweni ya wasichana, mbali na kwetu. Ada yake ilikuwa kubwa kuliko pamba yote tuliyoweza kulima. Lakini baraza la mtemi lilikuwa likitoa msamaha wa ada kwa watoto wa wasiojiweza, na aliyezijua njia za msamaha huo alikuwa mwalimu wangu.

Mwalimu alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusaidia. Baada ya masomo alitoa meza yake nje ya darasa, wazazi wakamjia na shida zao. Huyu risiti yake ya kodi imeliwa na mchwa, na bila risiti ya kodi mwanawe hapokelewi. Yule ameandikiwa kodi mara mbili kwa sababu ana majina mawili, moja la ukoo na moja la ubatizo. Mwingine anataka kujua kama sanduku la bati ni lazima au mtoto anaweza kwenda na kapu. Mwalimu aliwafokea wote, akawaandikia wote, na hakupokea shukrani ya aina yoyote. Mama alipompelekea kuku, alimrudisha akiwa hai, akasema kuku huyo akatafute kazi nyingine.

Fomu yangu aliijazia nyumbani kwetu, jioni ng'ombe wakirudi kutoka malishoni. Alifika kwenye sehemu ya mali ya mzazi.

"Una ng'ombe wangapi, mzee?"

"Wapo," baba akasema.

Mwalimu aligeuka akalitazama zizi. Lilikuwa limejaa hata ua wa miiba umesukumwa nje. Akaandika alichokiona kwa macho yake, na wala simlaumu, kwa sababu mgeni angejuaje?

Mambo yalikuwa hivi. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja. Anawawekesha kwa watu anaowaamini, baadhi huku na baadhi kule, ili ugonjwa ukipita usiwamalize wote, na ili ndugu wenye hamu ya mahari wasijue alicho nacho. Anayewatunza anapata maziwa na samadi, na mara mojamoja anapewa ndama. Ng'ombe wa baba mwenyewe walikuwa hao waliotokana na ndama wa kupewa. Wengine wote walikuwa wa mtu mmoja, Msumbwa aliyefanya kazi mgodini Geita. Majirani hawakujua. Walimwita baba nsabi, yaani tajiri, naye hakuweza kukanusha. Akisema si wangu, ataulizwa ni wa nani, na aliyepewa ng'ombe wa kuwekeshwa amepewa na siri yao.

Baraza likajibu kwamba mwenye zizi kama lile alipe ada yote, na kama hana fedha auze ng'ombe. Auze ng'ombe wa mtu! Mwalimu alikuja amefura.

"Mzee, zizi limejaa hivi, unashindwa kumuuzia mtoto hata wawili?"

Baba aliinamisha kichwa, akaendelea kusokota kamba yake. Mwalimu aliondoka akinung'unika njia nzima. Hata hivyo aliandika tena kuomba shauri langu lisikilizwe upya, bila kujua hata anatetea nini. Nadhani hakuweza kuvumilia tu kumpoteza mwanafunzi.

Usiku ule ndipo mama aliponieleza ukweli kuhusu zizi letu. Badala ya kumhurumia baba, nilimkasirikia. Niliona amechagua siri ya mtu mwingine akaniacha mimi. Niliendelea kumwamkia, maana kwetu mtoto haachi kuamkia, lakini nilimwamkia huku natazama kando.

Kisha ng'ombe mmoja akafa. Alikuwa mmoja wa wale wa kuwekeshwa, na mtunzaji ng'ombe akimfia ni lazima ngozi ifikishwe kwa mwenyewe, ikiwa na sikio lenye alama yake, ili asije akadhani ameliwa. Baba alianika ngozi, akaikunja, akaniambia tunasafiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na kule migodini walijaa watu wa kila kabila.

Tulipanda lori la magunia ya karanga hadi Kahama, na kutoka hapo lori jingine lililopeleka mchele migodini. Nilikaa juu ya ngozi ile njia nzima. Baba alinigawia viazi vilivyokauka alivyofungiwa na mama, akanipa vile vikubwa. Niliona anafanya hivyo na sikutaka kuona.

Mwenye ng'ombe tulimkuta kwenye nyumba za wafanyakazi, ametoka shimoni, uso bado una vumbi la mawe. Alikuwa nyapara wa kundi lake, mtu mnene wa maneno machache. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Aliikunjua ngozi, akalipapasa sikio, akaitupa nyuma ya mlango. Mambo ya ng'ombe yakaisha hapo. Akatupakulia wali.

Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Wewe unasoma?"

"Nilikuwa nasoma. Nimefaulu, lakini siendi."

"Kwa nini huendi?"

Baba alisema kwa Kisukuma ninyamaze. Nami sikunyamaza. Maneno yalikuwa yamenijaa tangu Didia.

"Kwa sababu ya ng'ombe wako," nikasema.

Baba aliacha kula. Yule mtu alimgeukia, na ikabidi baba aeleze lote, fomu na zizi na siku ambayo baraza lilitupangia kusikilizwa upya, polepole, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Hukuniruhusu," baba akasema.

Alisema neno hilo moja bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini hakupita shambani kwa jirani. Ndipo nilipoanza kumwonea baba yangu haya, nikimaanisha haya yangu mimi kwa jinsi nilivyomtazama kando miezi ile. Yule mtu hakutuahidi kitu. Tulipoaga alisema tu, "Binti yako ana mdomo. Mdomo huo usipopelekwa shule utakuja kumsumbua mume wa watu."

Tukarudi. Njiani nilimwomba baba radhi, naye akasema nile kiazi.

Siku ya baraza tulikwenda sote, mama akiwa amejifunga kanga yake ya kanisani. Mwalimu alisimama mbele na karatasi zake, akaanza kueleza, na kwa kweli hakuwa na la kueleza. Alikuwa anazungukazunguka tu na maneno. Mara tukasikia viatu vizito mlangoni. Alikuwa yule Msumbwa, na viatu vyake vya mgodini.

"Ng'ombe walio kwa mzee huyu ni wangu," akasema. "Niliwawekesha kwake. Alama ya sikio ni yangu, nendeni mkatazame."

Karani alinyanyua uso. Kila mtu mle ndani alijua maana ya maneno yale. Mwenye ng'ombe wengi aliandikiwa kodi kubwa zaidi, na ndugu zake wote wangesikia kabla ya jua kuzama. Naye alijua. Alisimama hapo mpaka karani alipomaliza kuandika. Sijaona tena mtu akijivua nguo namna ile kwa ajili ya mtoto asiye wake, na sikuwahi kupata maneno ya kumshukuru yanayotosha.

Kisha karani akamgeukia baba. "Na wewe, mzee? Wa kwako ni wangapi?"

Baraza lilijaa watu waliokuwa wakimwita nsabi. Walikuwapo waliompisha kiti harusini na waliomletea kesi za mipaka awaamulie, kwa heshima ya zizi lile. Mama alinishika mkono akaubana. Nilidhani atasema "wapo," nami nilikuwa tayari kumsamehe.

"Watatu," baba akasema.

Alilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili liandikwe. Kuna aliyeguna nyuma yetu. Mwalimu aliangalia chini, na tulipotoka nje alimwendea baba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, asimfokee hata kidogo. Baba naye alimwendea Msumbwa, akamwambia, "Wabeja." Asante hiyo ya kwetu ndiyo yote waliyoambiana.

Msamaha nilipewa. Yule Msumbwa aliwahamisha ng'ombe wake kabla ndugu zake hawajafika, zizi likabaki karibu tupu, na hakuna aliyemwita baba nsabi tena. Harusini alikaa anapokaa kila mtu. Mama, kwa upande wake, aliwachunga wale watatu kama wagonjwa, akiamini kwamba kwa kuwa wamehesabiwa hawatauona mwezi ujao. Alikuwa akiamka usiku kwenda kuwasikiliza wakipumua.

Nikaenda shule. Nilikwenda na kapu, maana sanduku la bati, mwalimu alisema, halikuwa lazima. Baadaye nami nikawa mwalimu, nikatoa meza yangu nje jioni, na kila mzazi wa kwetu akija na fomu ya mwanawe sitazami zizi lake. Namwuliza taratibu wa kwake ni wepi, tena pembeni, watu wasisikie. Nafokea kidogo pia. Hilo nililirithi kwa mtu wa Bukoba.

Msamaha ule ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka uliofuata, nikiwa likizo, nilikwenda na baba barazani kuuomba upya. Karani alikuwa yuleyule, na watu ni walewale. Alifungua jalada, akachovya kalamu, akaanza, "Haya mzee, ng'ombe wako ni..."

"Wanne," baba akasema, kabla swali halijaisha, akanigeukia ahakikishe kwamba nimesikia.