Kaptula Nyeupe za Nyota ya Bandari

Kwa miaka tisa hakuna msichana wa timu ya soka ya Nyota ya Bandari aliyeingia uwanjani bila mkono wa Mwanawetu kupita kwanza kwenye pindo la nguo yake. Ndiye aliyekuwa mshonaji wao, mfuaji wao na mtunza jezi. Karakana yake ilikuwa Kisenyi, chumba kimoja nyuma ya duka la jumla, mahali palipojaa kelele za magereji tangu asubuhi. Wazee wake walifika Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, zamani sana, na nyumbani kwao walikuwa bado wanaongea Kiswahili kilekile cha mababu. Baba yake, Maalim Jibril, alikuwa fundi wa kanzu. Mwanawetu alijua kutia nakshi ya kifuani kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe.

Jezi zilimjia kwa bahati tu. Nahodha wa timu, msichana wa Bukavu aitwaye Reine, aliingia karakana siku moja na fulana iliyochanika begani.

"Mama, hii inaweza kupona?"

Mwanawetu akaigeuza ndani nje, akatazama mishono. "Aliyeshona hii alikuwa anakimbizwa na mbwa?"

Reine akacheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alirudi na fulana kumi na tatu. Mwanawetu akaona kuziba viraka ni kujidanganya, maana kitambaa chenyewe kilikuwa kimechoka, basi akakusanya mabaki ya sare za shule alizokuwa ameshona mwaka ule, rangi ya chungwa na buluu ya giza, akawashonea timu nzima upya. Rangi za Nyota ya Bandari zilipatikana hivyo, bila kikao wala mchoraji. Lakini watu wa bandari ya Port Bell walizipenda. Wapakuaji wa mabehewa walianza kuja uwanjani na vitambaa vya chungwa shingoni, na akina mama wauza samaki wakavifunga kwenye beseni zao.

Alikuwa na msimamo mmoja katika kazi yake: hakubali kushona kwa vipimo vya wanaume. "Wasichana si wanaume wafupi," alikuwa akisema. Alimpima kila mmoja kiuno, paja na bega, na daftari lake lilijua ni nani amenenepa na ni nani hali vizuri siku hizi.

Kati ya wote, aliyekaa moyoni mwake zaidi ni Ayot, beki wa kushoto, jezi namba tatu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mkimya. Baba yake alikuwa mwanajeshi mstaafu wa Kitgum, kaskazini, na kwa kuwa Ayot alikulia kambini, Kiswahili chake kilikuwa kile cha askari, kifupi na cha amri. Mchana alipanga bidhaa kwenye supamaketi moja Ntinda, jioni alifanya mazoezi. Siku za Ijumaa alipita Kisenyi, akala pilau, akalala usingizi juu ya marobota ya vitambaa huku cherehani ikiendelea kunguruma. Mwanawetu alikuwa na wavulana watatu, wote wameshaoa. Hakujaliwa binti. Alipomwangalia yule msichana amelala, alipunguza mwendo wa cherehani.

Mwaka wa tisa timu ilipanda ligi kuu, na mechi zao zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Mwenyekiti, Mzee Ogwal, alifika karakana na vijana wawili na picha kwenye kompyuta. Hakuwa mtu mbaya, Ogwal. Ndiye aliyewasafirisha wasichana kwa lori lake mwenyewe miaka ya shida. Aliifungua ile kompyuta kwa mikono miwili, kama mtu anayefunua zawadi.

"Tazama, Mama Mwanawetu. Nyeupe juu, nyeupe chini. Mstari mwekundu ubavuni. Kampuni ya maji inayotufadhili inataka jina lake lisomeke vizuri, na kwenye televisheni hakuna kinachong'aa kama nyeupe."

Picha ilikuwa nzuri, hilo Mwanawetu hakulikataa. Fulana ile ilikuwa safi, ya kisasa. Macho yake yakateremka hadi kwenye kaptula, yakakwama hapo.

"Mwenyekiti, kaptula nyeupe kwa wasichana..." alianza.

"Zina nini?"

Chumbani walikuwa wanaume wanne, pamoja na mchukuzi aliyekuwa anateremsha robota. Mwanawetu alikuwa na miaka hamsini na sita, amezaa, amefukiza udi wa mabibi harusi na kuwafunda mambo ambayo hata mama zao waliona haya kuyataja. Lakini yale yalikuwa mazungumzo ya wanawake, mlango umefungwa. Mbele ya wanaume hakuwahi kulitamka neno hedhi hata mara moja maishani mwake. Lilimfika kwenye ulimi, likarudi.

"Zitachafuka upesi," akasema.

Ogwal akacheka kwa wema. "Sabuni ipo, Mama. Tutakununulia katoni nzima."

Akazishona. Alikilowesha kitambaa kwanza, akakiinua mbele ya mwanga wa dirisha, akaona vidole vyake vyote vitano upande wa pili.

Siku ya kujaribu, Ayot alisubiri wenzake watoke. "Mama. Nyeusi hakuna?"

"Mwenyekiti amesema nyeupe, mwanangu."

"Mimi damu yangu ni nyingi. Wewe unajua."

"Najua. Yako nitaitia bitana mara mbili. Usiogope."

Ayot akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na desturi ya kumwamini.

Mechi ya nne ya msimu ilichezwa Luzira, Jumamosi alasiri, uwanja umejaa. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba kocha wa timu ya taifa angekuja kumtazama beki wa kushoto. Asubuhi ile Ayot alimvuta Mwanawetu pembeni ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Leo ni siku ya pili, Mama. Ile mbaya."

"Mwambie kocha upumzike."

"Leo? Huyo mtu amekuja kwa ajili yangu."

Walishauriana wakaona avae kaptula nyingine ya kubana ndani, nyeusi. Ingekuwa salama. Lakini timu zilipopanga mstari kutoka, refa alipita akikagua, akaona weusi ukichungulia chini ya pindo. Sheria inataka nguo ya ndani ifanane rangi na kaptula. Akamwagiza akaivue. Nyeupe ya kubana haikuwapo. Ayot akarudi ndani mbio, akaivua, akatoka akikimbia kuwafuata wenzake. Mwanawetu akabaki mlangoni ameishika ile nguo nyeusi, bado ina joto la mwili.

Alicheza vizuri kuliko siku zote. Mawinga wawili walibadilishwa upande wake na wote wakashindwa. Hata watu wa timu pinzani walimpigia makofi. Dakika ya sabini mpira ukatoka nje karibu na jukwaa kubwa, na kwa vile mikono yake ilikuwa na nguvu ya ajabu, kurusha ilikuwa kazi yake. Akauchukua mpira, akaenda hadi kwenye chaki akiwa ameupa mgongo umma wa watu, akaupangusa kwa fulana.

Mluzi ukalia jukwaani. Ukafuata mwingine, kisha kicheko, kisha kelele. Ayot alidhani wanamshangilia. Aliinua mpira juu ya kichwa, na pale ndipo alipoona uso wa Reine, aliyekuwa anamkimbilia kutoka katikati ya uwanja akipunga mikono.

Mwanawetu alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alikimbia kando ya mstari na magoti yake mabovu, akiifungua leso kiunoni, na alipomfikia alimzungushia mara mbili akafunga fundo. Nyuma yao simu zilikuwa juu kama mikono ya watu wanaoapa. Ayot hakulia. Aliuweka mpira chini polepole, kwenye chaki hasa, mahali ambapo ungerushwa, akatoka naye.

Kabla ya adhana ya Magharibi picha ile ilikuwa imeuzunguka mji wote. Wengine walimtetea Ayot, wengine waliitungia mizaha, lakini waliotetea nao waliisambaza.

Jumatatu Ayot hakuja mazoezini. Jumanne Reine alifika Kisenyi macho yamevimba. "Mama, simu yake imezimwa. Kazini pia hayuko. Wateja walikuwa wanakuja kumuangalia kama nyama ya sokoni. Watu banamucheka, Mama."

Mwanawetu alifunga karakana, akaenda Ntinda. Chumba cha Ayot kilikuwa nyuma ya shule, mlango wazi, begi moja kitandani. Ayot alikuwa anakunja shuka.

"Karibu, Mama."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani. Baba amepiga simu. Majirani wamemuonyesha ile picha." Akaendelea kukunja. "Hakugombana. Amesema tu, rudi."

"Na timu ya taifa? Watu husahau, Ayot. Mwezi mmoja tu, watakuwa na jingine la kucheka."

"Mimi sitasahau. Nikishika mpira nitasikia ule mluzi."

Mwanawetu akakaa kitandani. Ayot akaacha shuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, wewe ulijua. Siku ile ya kwanza ulizishika ukajua."

"Nilijua."

"Ukamwambia mwenyekiti?"

Mwanawetu akatikisa kichwa. Ayot alifunga zipu ya begi, akalitundika begani, na kwa adabu ya nyumbani kwao akapiga goti kidogo kumuaga. Goti lile lilimuuma Mwanawetu kuliko kama angetukanwa.

Alhamisi kamati ya timu ilikaa. Mwanawetu hakualikwa, lakini alikwenda, akasimama mbele ya wanaume saba, mitandio yake miwili kichwani.

"Nimekuja kusema nililoshindwa kusema," alianza. "Wasichana wale huingia hedhini. Kila mwezi, kila mmoja wao, na mechi hazingoji. Nyeupe haifai chini. Haikufaa tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua. Nataka buluu ya giza."

Mmoja wao akainamia simu yake. Ogwal yeye alikuwa anamtazama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Hilo tu?" akauliza. "Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya."

"Ningekubali." Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ningekubali palepale. Mimi nina mabinti wanne. Sikufikiria tu. Wallahi, kama ungeniambia ningebadilisha siku ileile, kabla hata hujatia mkasi."

Walipitisha bila mabishano. Kampuni ya maji haikupinga, maana jina lao lilikuwa kifuani tu. Dakika kumi hazikuisha. Mwanawetu alitoka nje, akashikilia ukuta wa ofisi, na hapo ndipo kilio kilipomshika, katikati ya mchana, watu wanapita. Angekuwa amekataliwa siku ile, angepata wa kumlaumu. Neno moja alilolimeza lingetosha kabisa.

Alishona kaptula ishirini na mbili za buluu kwa siku mbili. Ya ishirini na tatu aliishona peke yake, kwa vipimo alivyovijua bila daftari, akaitia namba tatu na kuituma Kitgum kwa basi. Wiki nzima ikapita kimya. Kisha Ayot akapiga simu.

"Imefika, Mama. Asante. Nimempa mdogo wangu, anaivaa shambani. Haionyeshi udongo."

"Na viatu vyako vya mpira?"

"Niliuza." Nyuma yake kuku walisikika. "Usihuzunike, Mama. Mimi sina kinyongo na wewe. Nimechoka tu."

Nyota ya Bandari walimaliza msimu nafasi ya tano. Timu nyingine mbili za ligi, baada ya kuona hayo, ziliachana na kaptula nyeupe, na mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kumpongeza Mwanawetu kwa ujasiri. Mwanawetu alimpa chai, akakataa kuandikwa.

Bado wanaongea kwa simu, yeye na Ayot. Mwanzoni alikuwa akimpigia Jumamosi kutoka uwanjani ili amweleze mchezo ulivyo, lakini mara ya tatu Ayot alimkatiza.

"Mama, usinipigie siku ya mechi. Nasikia watu nyuma yako."

Sasa humpigia Jumanne. Humuuliza kama mvua imenyesha, kama karanga zimeota vizuri, kama goti la baba yake limepona. Ayot hujibu yote, kwa ufupi wake uleule wa kambini, kisha kila mmoja humtakia mwenzake usiku mwema.