Kadi za harusi ndizo zilizonionyesha kupe wanaelekea wapi hapa Kigali

Wakuu, salaam. Hii si chai, na kama kuna mtu wa Gatsata humu atanisuta nikiongeza chumvi.

Kazi yangu ni data, kwenye ofisi ndogo ya madaktari wa mifugo pale Gisimenti. Mfugaji akipiga simu kwamba ng'ombe ana homa na amevimba tezi chini ya sikio, naweka alama kwenye ramani. Lengo ni kujua ndigana, ule ugonjwa wa kupe, utaibukia wapi kabla haujafika.

Tulikuwa tunafuata mvua, maana kupe hupenda unyevu. Ramani ikawa inatuchezea. Kilima kimelowa, kimya. Kilima kikavu, ng'ombe wanaanguka.

Siku moja, nikipitia kadi za harusi zilizorundikana mezani, nikagundua karibu kila penye alama palikuwa na harusi muda si mrefu uliopita.

Harusi, wakuu!

Kwetu mahari ni ng'ombe. Anatoka malisho ya mashariki, kupe amewazoea, haumwi, anang'aa. Anafika mjini na kupe wake mwilini, anafungwa banda moja na ng'ombe wa kisasa ambaye hajawahi kukutana na kupe. Kwisha habari.

Nikaweka harusi zijazo kwenye ramani. Iliyofuata ilikuwa Gatsata, kwa shangazi yangu, anaoza binti! Na bandani ana Gaju, ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yalimsomesha huyo huyo bibi harusi.

Sikungoja kesho. Nikaenda kumwomba amkague ng'ombe wa mahari kabla hajaingia.

"Oya, hapana! Niambie wakwe ng'ombe yao iko na kupe? Unataka mtoto wangu arudishwe?"

Na ni kweli. Kuchunguza mahari ya watu ni matusi.

Lakini subirini. Siku ya mahari, upande wa bibi harusi hutuma wachungaji wakamwone ng'ombe, warudi kumsifu mbele ya wageni. Yaani ukaguzi upo tangu enzi za mababu, siku hizi tu watu wanaigiza! Nikamwomba shangazi anifanye mchungaji. Akacheka, akakubali.

Kofia kichwani, fimbo mkononi, nikaenda. Nikashika sikio. Kupe wamejaa, wamenenepa.

Nikarudi, nikasifu pembe, nikasifu mwendo, halafu nikasema: "Ila amekuja na wageni wasio na kadi, wamekaa masikioni. Tunaomba tumwogeshe kwanza ndipo aingie."

Wageni wakawageukia wakwe.

Baba wa bwana harusi akaangua kicheko. "Huyu ni mushumba, mchungaji wa kweli! Ogesha, mwana wangu!"

Makofi, vigelegele! Dawa nilikuwa nayo tayari. Ng'ombe akaogeshwa, akafungwa peke yake mbali na banda.

Jirani wa shangazi kule bondeni alikuwa amepokea ng'ombe wake wa mahari bila kukagua. Ramani ilishamtaja, kwa hiyo daktari wetu aligonga mlango kabla mwenyewe hajapiga simu. Ng'ombe wake wa maziwa ndiyo kwanza anaanza homa. Alitibiwa, akapona. Nilitamba ofisini, sikatai.

Gaju anakamuliwa hadi leo. Na shangazi, yule yule wa "Oya", akipata kadi yoyote ya harusi ananipigia kabla hajachagua nguo: "Andika kwa ramani yako!"

Funzo langu: kupe hana miguu ya safari, sisi ndio tunambeba kwenye furaha zetu. Na desturi usipigane nayo, vaa kofia uingie ndani.

Kwenu je, ng'ombe wanasafirishwa na nini? Mnada? Sikukuu? Tiririkeni, ramani yangu bado ina nafasi.