Mche wa Tufaha la Baridi

Juzi kwa muuza miche huko Irving, Texas, kwenye duka kubwa kuliko wilaya yetu nzima, nilimtafsiria mzee mmoja Mkongomani aliyetaka mti wa tufaha. Alikuwa ameshika mche wa tufaha la baridi.

Nikamwambia, "Mzee, huyu muuzaji anasema matufaha hayo yanachumwa mwisho kabisa, magumu kama jiwe, machachu ya kung'oa meno. Unayaweka ndani, yanakuwa matamu polepole, yanakaa miezi bila kuoza. Lakini mti unachelewa miaka, na unataka baridi ndefu. Kwa joto la Texas hii huenda usizae kabisa."

Mzee akausugua ule mche kwa kidole. "Bibi yangu, mama ya watoto wangu, iko bado kule kambi ya wakimbizi. Nilitaka akute matunda."

"Anakuja lini?"

"Kila mara wanasemaka mwaka kesho."

Muuzaji akaleta mche mwingine, wa joto, wa kuzaa haraka, ila matunda yake yanaharibika upesi. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana, mtoto wangu. Akichelewa tena, hayo atayakuta yameoza."

Muuzaji akaniuliza mzee amesema nini. Mimi, ambaye kwa mdomo huu naweza kuuza hita za kupasha nyumba joto Houston kwenye jua kali la mwezi wa nane, nikajibu tu, "Anachukua huo wa baridi."