Mama alivyokwatua nyasi za marehemu baba mkwe, Wembley

Wakuu, kwema humu?

Nawaandikia kutoka London na moyo haujatulia bado. Sijatia chumvi, na mama mwenyewe ameniruhusu nikisimulie kisa hiki.

Mlioko huku mnajua. Miti ikianza kupukutisha majani, garden inadai kazi. Ukusanye majani yasiozeshe nyasi, utoboe udongo kwa uma wa bustani, umwage mbegu penye upara kabla baridi haijakaza. Ukichelewa, unatazama tope mpaka mwakani.

Kazi hiyo miaka yote aliifanya baba mkwe wangu, Mzanzibari aliyehamia huku zamani. Nyumba ni yake. Zile nyasi alizipanda mwenyewe, na nadhani alizipenda kuliko alivyonipenda mimi.

Mwaka jana alifariki. Mke wangu Rukia husimama dirishani akizitazama.

Mwaka huu zamu ikawa yangu. Nikawa napanga, weekend hii, weekend ijayo. Nafanya care, kazi ya kutunza wazee, shifti juu ya shifti.

Ndipo mama yangu akaja kututembelea kutoka Tanga.

Mama hajui kukaa bure. Vyombo kaosha, mapazia kafua. Akachungulia nyuma, akaona majani yamejaa na nyasi zimefika kwenye vifundo vya miguu. Kwetu, wakuu, uwanja safi ni udongo mtupu uliofagiwa. Nyasi mlangoni ni nyumba ya nyoka na aibu ya mwenye mji.

Akaenda kwa jirani, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Yule, kwa furaha ya kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili, akampa jembe bila kuuliza la nini.

Narudi asubuhi kutoka kazini, namkuta mama anamalizia kufagia. Amekwatua lawn nzima. Udongo mweusi, mistari ya ufagio imenyooka.

"Sasa mtu akipita atajua hapa wanakaa watu," akaniambia.

Rukia akashuka, akatazama, akarudi juu, akafunga mlango. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nyumba haikukalika. Binti yetu ndiye aliyelisema: "Bibi, that was Babu's grass."

"Kasema nini?" mama akaniuliza. Nikamweleza kwamba zile zilikuwa nyasi za Babu. Akauliza kama tiketi yake inaweza kusogezwa arudi mapema.

Iliniuma, wakuu. Nilikaa miaka nikingoja mama alale chini ya paa langu.

Jirani aliposikia alikuja mbio. Akasema udongo bado una joto, mbegu zimwagwe leo leo. Tukapiga reki, tukamwaga, tukakanyaga, tukamwagilia. Tangu hapo sikutulia. Kila saa nipo nje nimeinama, na kazini nafungua simu kuangalia hali ya hewa badala ya kunywa chai.

Na njiwa wa London hawana adabu. Walishuka kundi zima, wakala kama wamealikwa.

Mama akachukua kiti. Akavaa koti langu na kofia ya mjukuu, akashika fimbo, akaanza kuamia, kufukuza ndege kama alivyokuwa akiamia mpunga shambani. Asubuhi mpaka giza. Mvua ikinyesha, yupo chini ya mwavuli. Nikimwita ndani ananijibu, "Niwaache wale mbegu za marehemu?"

Rukia alikuwa akimtazama kutoka dirishani, palepale anaposimama siku zote. Siku moja akashuka na chai ya tangawizi na kiti cha pili.

"Mama, ingia ndani upate joto. Nitaamia mimi."

"Wewe hujui kuamia."

"Basi nifundishe."

Mimi nilikuwa jikoni. Nililia, sioni haya kusema.

Jana nyasi zimechomoza, nyembamba, mpaka uiname ndipo uzione. Mama haulizi tena habari za tiketi. Ila baridi kali inatajwa wiki hii, na mimi usingizi sina.

Nilichojifunza: mgeni akifika, kabla hujamwonyesha choo na jiko, mwonyeshe kile ambacho nyumba inakiombolezea. Asiyeambiwa atakifagia kwa mapenzi mema.

Sasa wajuzi, semeni. Nyasi changa zikipigwa na frost, ile barafu ya alfajiri, zinapona? Nizifunike au niziache? Jibuni upesi, maana kuna wanawake wawili pale nje wanangoja jibu, na wanagombania fimbo moja.