Taa za Injinia wa Burma

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma akijiita injinia. Huko alikuwa dereva wa lori la vitunguu, lakini hapa Nakuru nani angejua? Miaka michache baadaye alinunua gari kuukuu la wagonjwa, akaamua kuligeuza nyumba. Tungelala humo, ningeshonea humo, tukizunguka mashambani kuuza nguo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ni kwamba hakutaka kusikia habari ya fundi.

Alipiga mbao mwenyewe, akaunda kitanda, akafunga taa za betri darini. Siku ya kuziwasha aliita majirani. Zilipowaka, akasimama mlangoni akipokea pongezi kama bwana harusi.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Kariandusi, kwenye nyumba za wachimbaji wa mawe meupe. Mama yangu alifuatana nasi, maana kwa kukata nguo alinishinda mbali. Jioni nikaweka cherehani chini ya taa, mama akaketi kitandani na mkasi wake. Taa zikazimika.

"Ni vumbi hilo," mume wangu akasema. "Vumbi la hapa linaingia kila mahali."

Mama akainuka kutafuta kandili. Taa zikawaka. Akaketi tena. Zikazimika.

Mtu yeyote mwenye macho angetazama kitanda. Injinia wetu alizifungua globu, akazipangusa kwa kitambaa kama mtu anayepangusa vikombe vya wageni, akazirudisha. Kesho yake tulipofika Gilgil akanunua betri mpya, huku akimlaani mwenye duka aliyemuuzia ile ya zamani. Jioni mama akaketi. Giza.

"Bwana, hebu kagua chini ya kitanda," nikamwambia.

"Wewe shona. Mambo ya waya niachie mimi."

Kisha akamgeukia mama kwa sauti ya upole, ile aliyoitumia akikaribia kusema upuuzi. "Mama, usiudhike. Uzito ukikaa upande mmoja, gari linainama. Betri ikiinama, umeme unarudi nyuma."

"Unarudi wapi, baba?"

"Kwenye betri."

"Basi ni umeme wenye adabu," mama akasema. "Unampisha mgeni aketi."

Hakuelewa kwamba anachekwa. Akahamishia magunia yote ya nguo upande wa pili ili gari lisawazike, na tukaenda hivyo hadi Kabazi, mimi nikishona kwa kandili chini ya taa za umeme.

Kabazi mvua ilinyesha, na wanawake waliokuja kupima magauni wakajibana ndani pamoja nasi. Mama alikuwa kitandani, akimpima mmoja wao kiuno, aliporuka ghafla.

"Naungua!"

Godoro letu la nyasi lilikuwa likifuka moshi. Nikanyakua birika la chai, nikalimwagia lote. Tukaliinua godoro mbele ya wateja wetu. Chini yake palikuwa na msumari mkubwa ambao mume wangu aliugonga kwa mkono wake mwenyewe, nao ulikuwa umepita katikati ya waya wa taa. Zilibaki nyuzi chache tu zilizoshikana. Kila mama alipoketi, mbao zilikandamiza waya, nyuzi zikaachana, zikatoa cheche na kuchoma nyasi.

"Nilishuku hivyo tangu mwanzo," mume wangu akasema.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa leso yake, akaangalia nje kwenye mvua.

Mume wangu aliung'oa msumari, akaunga waya na kuufunga kwa utepe, na sitasema uongo, taa hazikusumbua tena. Mama alikataa kurudi nyuma ya gari. Alikaa mbele karibu na mkwewe mpaka Nakuru.

Tulipofika nyumbani nilimsikia mume wangu akiwaeleza majirani jinsi alivyonusa hatari mapema na kuokoa wateja wote kwa ujuzi wake. Nikalikokota godoro nje, nikalianika mbele yao, upande ulioungua ukiwa juu. Waliliangalia, wakamwangalia yeye. Akaendelea kusimulia.