Wakwe wanasema chatu niliyoua ndio ilileta mjukuu yangu hivi

Admin, ficha jina yangu vizuri, maana hapa Uganda, mji ya Koboko mzima wananijua, na Arua nusu. Mimi ni mzee, miaka sabini na kitu, shule sikukanyaga. Hii natuma kwa sauti, nyinyi andikeni tu vile nasema. Swahili yangu nilitoa jeshini, nikaimalizia kwa malori ya Congo. Kutoka Ariwara mpaka Juba hakuna dreva alinishinda, na kwa kupiga hadithi, wa kunishinda bado mama yake hajaolewa. Lakini leo sichekeshi mutu. Leo niko na hasira.

Binti yangu aliolewa kijijini, kule Midia. Akazaa wawili, hakuna maneno. Mwaka jana akazaa wa tatu, msichana. Macho iko namna yake, mwili laini kama hana mfupa, ulimi anatoa kidogo kama ananitania mimi babu yake. Nampenda kushinda wote, namuita bibi yangu mdogo. Lakini kwa wakwe maneno ikaanza. Mama mkwe anamuuliza binti yangu, "Ulikula nini na mimba? Ulicheka kiwete gani kule sokoni?" Shemeji yake anasema ni sindano ya kliniki. Wakatenga kikombe ya mtoto, eti ataambukiza wengine. Ataambukiza! Si ningekuwa wa kwanza mimi, maana ananilamba uso yote!

Nikachukua mama na mtoto, tukaenda hospitali Arua. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akatukalisha. Akasema hii inaitwa Down syndrome. "Mzee, mwili ya mutu iko na vitu vidogo ndani, macho haioni, ndio inapanga vile mutu atakuwa. Wengi wetu tuko na arobaini na sita. Huyu alikuja na moja zaidi. Ilianza pale pale mimba ilipoingia."

Nikamuuliza, "Ni chakula?"

"Hapana."

"Sindano?"

"Hapana, mzee."

"Kulogwa je?"

Akacheka. "Hata kulogwa hapana. Mama hakukosa, baba hakukosa. Mama akiwa na umri mkubwa inatokea zaidi, lakini hata msichana mdogo anaweza kuzaa hivi. Na haiambukizi. Atajifunza, polepole. Sisi tunataka kuangalia moyo yake, maana wengi wao moyo inasumbua. Mrudishe hapa."

Nikamwambia, "Kumbe huyu hajapungua, ametuzidi sisi moja!" Nikarudi Koboko na furaha, nikidhani maneno imekwisha.

Sasa sikieni. Zamani, siku ya mahari ya huyu binti, tulikaa na wakwe, pombe ya kwete inazunguka, wazee wanataka hadithi. Nikawapa. Nikasema lori yetu ilisimama mbele ya Ariwara, chatu amelala barabara mzima, kichwa kwa majani upande huu, mkia upande ule. Nikashuka na jeki, nikaua, nikachoma, nikala siku tatu, ngozi nikafungia mzigo. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka na kiti.

Uongo mtupu! Lori ilisimama kwa sababu dizeli ilikwisha! Mimi hata kambale nakimbia, maana inafanana na nyoka!

Basi juzi wakwe wakakaa kikao juu ya mtoto, wakaniita. Nikaeleza maneno ya nesi yote. Baba mkwe ya binti yangu akangoja nimalize, akasema, "Mkwe, sisi tumejua. Ile chatu yako ilikuwa na mimba. Sasa inalipiza kwa mtoto."

"Mkwe, ile hadithi nilitunga!"

Akaniangalia na huruma kabisa. "Miaka yote unasema kweli, leo ndio unadanganya?"

Na watu wote wakamkubali na kichwa! Ningepata jeki siku ile!

Wakamrudisha binti yangu kwangu na mtoto mgongoni. Wale wakubwa wawili wakabaki nao. Wanasema Jumamosi niende kwao, nichukue maji kwa mdomo, niwatemee mama na mtoto, niseme, "Hii ubaya ilitoka kwa damu yangu, leo nimeimaliza." Hapo atarudi kwa bwana yake. Nikikataa, bwana ataoa mwingine. Hii maji mimi nilitemea watoto yangu wote wakienda kuolewa, wakienda jeshini. Ni ya baraka! Leo wanataka nichafue nayo mtoto!

Nikapigia huyo mkwe yangu kijana. Anasema, "Baba, sema tu, ni maneno tu."

"Wewe mwanaume, huyu mtoto ni yako ama ya chatu?"

Akakata simu.

Lakini aliyenishinda ni binti yangu mwenyewe. Anamnyonyesha mtoto, haniangalii. "Baba, maisha yako yote unadanganya watu bure. Danganya mara moja kwa ajili yangu. Watoto yangu wawili wanalala bila mimi."



Nikisema, binti yangu anapata watoto yake. Lakini nani atampa uji huyu mdogo, wakijua ni mtoto ya nyoka? Na siku moyo inasumbua, nani atampeleka Arua? Watasema babu yake alishamaliza na maji, dawa ya nini tena. Nisiposema, wale wawili wanalelewa na mama mwingine, na binti yangu atanichukia mpaka wanizike.

Nyinyi wanaume najua mtaniambia nitafute fimbo, hiyo niko nayo. Nataka kusikia nyinyi mama mliozaa watoto kama huyu, na nyinyi mliorudishwa kwenu. Niweke maji kwa mdomo ama nikatae? Semeni haraka, maana binti yangu ameshafua gauni ya mtoto, ameanika nje, anangoja Jumamosi.